Chuma Chakavu Katika Hesabu ya Jengo
(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu ya ukadiriaji majenzi. Nimechagua jambo moja tu, kwa kuwa chama chetu kinakusudia kuchangia bweni jipya, na tayari nasikia likiitwa "jengo la kijani". Neno ni zuri, lakini lina hesabu yake.

Wahunzi wa Karagwe walisifika tangu enzi za watawala wa Bweranyange. Leo vyuma chakavu vya Kayanga, Omurushaka na Kyerwa hupimwa kwa kilo na kupakiwa malori. Viwanda vya nchini huviyeyusha vikawa nondo. Je, nondo hiyo ihesabiwe vipi?

Tuchukue mfumo wa Marekani uitwao LEED, toleo la mwaka 2009. Kwanza hutazamwa uzito. Chuma kilichokwisha kutumiwa na watu huhesabiwa chote; mabaki ya kiwandani yaliyopelekwa kutengeneza kitu kingine huhesabiwa nusu. Mabaki yanayorudishwa katika kazi ile ile hayahesabiwi. Asilimia ipatikanayo huzidishwa kwa bei ya kifaa, kisha jumla hugawanywa kwa gharama ya vifaa vyote. Ujira wa fundi haumo. Ukifika asilimia 10 wapata alama moja. Asilimia 20, alama mbili.

Chukueni mfano. Vifaa vya bweni ni shilingi 80,000,000. Humo nondo ni shilingi 12,000,000 hadi hapa shuleni. Cheti cha kiwanda chasema asilimia 60 ni chuma chakavu cha watu na 20 ni mabaki ya viwandani. Basi 60 na nusu ya 20 ni 70. Asilimia 70 ya bei ni shilingi 8,400,000, yaani asilimia 10.5 ya vifaa vyote. Tumepita.

Cheti kikikosekana, mfumo huruhusu chuma kihesabiwe asilimia 25 tu. Tunapata shilingi 3,000,000, sawa na asilimia 3.75. Tumeanguka, na nondo ni ile ile! Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa vijana, sikilizeni vizuri. Bei hiyo huchanganya na nauli ya lori. Tuseme nauli kutoka Dar es Salaam ni shilingi 1,200,000. Tukiitoa pande zote mbili, tunabaki na asilimia 9.6, chini ya kiwango. Kwa hiyo kilichotuvusha ni dizeli ya safari! Na matofali ya bweni la zamani, tukiyasafisha na kuyajenga upya, hayaingii katika hesabu hii; yana fungu lake, la vitu vinavyotumika tena.

Sisemi hesabu hii haifai. Nasema ni kipimo cha jambo moja, tusikifanye kipimo cha yote. Naiomba kamati mambo matatu: idai cheti cha kiwanda kabla ya kulipa, iandike nauli mbali na bei, na ihesabu matofali ya zamani kabla bweni halijabomolewa. Tukishafanya hivyo, ndipo tuliite jengo la kijani bila kuona haya.