Aina ya 35: Chanjo Zetu na Kirusi Kilichoachwa Nje

Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake wapatao 5,200 hupatikana na saratani ya mlango wa kizazi nchini Kenya kila mwaka, na zaidi ya 3,000 hufa. Karibu visa vyote huletwa na kirusi cha HPV. Kirusi hiki kina aina nyingi, na hazikuenea sawasawa duniani. Aina ya 16 inaongoza kila mahali. Pamoja na ya 18 husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Aina ya 35, ambayo duniani kote huleta kama asilimia 2 tu, kusini mwa Sahara hufikia karibu asilimia 10. Lakini haimo katika chanjo ya aina nne ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 Oktoba 2019. Haimo hata katika ile ya aina tisa, iliyoongezewa 31, 33, 45, 52 na 58. Kama Afrika ndiyo ingekuwa soko kubwa la chanjo, naamini 35 isingesahaulika.

Basi mzazi wa hapa Gatitu, Nyeri, ana haki ya kuuliza kama chanjo ya HPV itamfaa bintiye. Jibu limetafutwa karibu: Thika, mji tunaoupita tukienda Nairobi, na pia Nairobi kwenyewe na Kisumu. Utafiti wa KEN SHE, ambao Nelly Mugo wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) alikuwa miongoni mwa viongozi wake, uliandikisha wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kwamba, miezi 18 baada ya dozi moja tu, maambukizi ya kudumu ya aina za 16 na 18 yalipungua kwa asilimia 97.5. Hao ni Wakenya, si watu wa mbali. Anayesema tungoje chanjo iliyo kamili anatutaka tuziachie 16 na 18 uwanja kwa sababu ya 35, na gharama ya kungoja italipwa na binti ambaye leo ana miaka 10.

Pengo lililobaki linazibwa na uchunguzi. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama: sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe, iwe imeletwa na 16 au na 35. Kipimo cha vinasaba vya HPV, ambacho ni makini zaidi, nacho huitambua 35. Shirika la Afya Duniani linashauri uchunguzi uanze miaka 30, na 25 kwa anayeishi na virusi vya ukimwi, maana hatari yake ya kupata saratani hii ni kama mara sita ya mwanamke asiye navyo. Serikali zetu ziwadai watengenezaji waiingize 35 katika chanjo zijazo. Nanyi akina mama wa Nyeri, Karatina na Nanyuki, siku mnapompeleka binti kudungwa sindano, ombeni nanyi mpimwe.