Mwacheni Bibi Afagie

Wazazi mliovuka feri alfajiri kuja kuwashangilia vijana wenu, nanyi wanangu wahitimu, nisikilizeni.

Nimeuguza watu Likoni na Changamwe mpaka nikastaafu, na leo nina lalamiko moja juu ya kazi yetu. Mama mmoja, umri wa bibi zenu, alikuja kliniki akisema miguu haina nguvu. Akaandikiwa dawa ya maumivu, akaambiwa ni uzee, apumzike. Akapumzika kweli. Wanawe, kwa mapenzi, wakamwekea kiti barazani, wakamkataza hata kufagia ua. Haukupita muda akawa haendi msalani bila kushikwa. Na hakuna aliyemwuliza anakula nini: asubuhi chai ya sukari na mahamri, mchana wali, usiku chai tena.

Misuli isiyotumika hunyauka, wala haijengwi kwa chai. Mzee anataka samaki, dagaa, mayai, mbaazi, kunde. Meno yakimwisha, samaki achambuliwe miiba na kunde zipondwe. Na kwa ajili ya presha, chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na achari ihesabiwe humo humo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unawataka wenye miaka 65 na zaidi wajishughulishe angalau dakika 150 kwa wiki, kama kutembea kwa haraka kidogo, na siku 3 au zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Hata kufagia ua kumo katika dakika hizo. Wazazi, mkirudi nyumbani mrudishieni bibi ufagio wake.

Nanyi wanangu, presha na sukari pimeni, ila msiishie hapo. Mketisheni mzee kwenye kiti kigumu, akunje mikono kifuani, ainuke na kuketi kwa sekunde 30 huku mkihesabu. Simameni karibu naye asije akaanguka. Asiyeweza kuinuka hata mara moja, msimwandikie dawa tu mkamwacha aende. Muulizeni alikula nini jana, mfundisheni kuinuka akijishika mezani, kisha mpangieni siku ya kurudi mhesabu tena.

Popote mtakapopelekwa, kuanzia Mtongwe hadi Bamburi, vifaa vingi vitakosekana. Kiti hakikosekani. Kitumieni.