Kuandika Nako ni Kazi ya Mhandisi

Hotuba iliyotolewa mbele ya kamati za parokia na wafadhili katika mkutano wa mwaka



Tumeombwa tuzungumze juu ya wanafunzi wa uhandisi wanaokuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Wengi wenu mmewapokea, mmewapa mahali pa kulala, na mmewaona wakizunguka visimani na madaftari yao. Baadhi yenu mmetuuliza: hawa vijana wamekuja kutengeneza visima au kuandika? Swali hilo ni la haki, na leo tungependa kulijibu.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuliwatuma wanafunzi wanne katika vijiji ambako pampu za mkono zilikuwa zimekufa. Tuliwaambia watafute sababu. Walikwenda kwenye kila kisima kilichoharibika, wakapiga picha, wakarudi na ripoti ya kurasa 40. Kurasa nyingi zilieleza historia ya pampu duniani, na sehemu moja ilikuwa na jina la kijiji cha wilaya nyingine kabisa, kwa kuwa ilinakiliwa kutoka ripoti ya wenzao wa mwaka uliotangulia. Sababu yenyewe ilikuwa katika sentensi moja ya mwisho: kamati za maji hazikutunza pampu.

Tunakiri mbele yenu kwamba tuliituma ripoti ile kwa mfadhili bila kuihoji. Mfadhili akajibu kwamba hatatoa fedha za matengenezo mpaka kamati zibadilishwe. Wiki chache baadaye mwenyekiti wa kamati mojawapo, mzee aliyezunguka nyumba kwa nyumba kukusanya michango, alikuja ofisini na daftari lake la mapato na matumizi. Kila grisi na kila nati iliyonunuliwa ilikuwa imeandikwa humo. Akatuuliza: "Wanangu, hao vijana walilisoma daftari hili?" Hawakulisoma. Wala sisi hatukulisoma.

Tuliwarudisha wanafunzi vijijini, lakini safari hii tuliwaagiza waende pia kwenye visima vinavyofanya kazi. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Waligundua kwamba utunzaji ulikuwa karibu sawa pande zote mbili. Tofauti ilikuwa ndani ya maji na mabomba. Kwenye visima vilivyokufa, akina mama walieleza kwamba tangu zamani maji ya asubuhi yalitoka mekundu, yakinuka chuma na kuchafua nguo nyeupe. Vipimo vikaonyesha kwamba maji yale yana tindikali. Ni jambo linalojulikana kwa mafundi wa pampu za mkono: maji yenye pH chini ya 6.5 hula mabomba ya chuma, hata yaliyopakwa zinki, mpaka yatoboke. Dawa yake ni mabomba ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu. Ripoti ya pili ilikuwa na kurasa sita tu. Yaliyobadilishwa ni mabomba, kamati zilibaki.

Ndugu zetu, kosa hili si la wanafunzi wa huku peke yao. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kilisambaratika angani muda mfupi baada ya kurushwa, na watu wote 7 waliokuwamo walikufa. Usiku uliotangulia, wahandisi wa roketi walipinga kirushwe kwa sababu ya baridi. Walihofia kwamba mipira inayoziba maungio ya roketi ingekuwa migumu na kupitisha gesi ya moto. Walikuwa na hoja ya kweli, lakini hawakuweza kuionyesha. Tume iliyochunguza ajali ilieleza kwamba katika mazungumzo yale zilitazamwa safari zilizopata hitilafu peke yake. Ukitazama hizo tu, huoni uhusiano wowote na joto. Ukizitazama safari zote, jambo linakuwa wazi: kati ya safari 20 za joto la kuanzia nyuzi 19 za Selsiasi, 3 tu zilipata hitilafu hiyo, za nyuzi 17 au chini zilikuwa 4, na zote 4 zilipata. Asubuhi ya ajali joto lilikuwa kama nyuzi 2.

Wanafunzi wetu walipotazama visima vilivyokufa tu, walifanya kosa lilelile. Tofauti ni kwamba sisi tulipata nafasi ya kurudi.

Tangu hapo, kabla mwanafunzi hajashika spana, tunamfundisha mambo manne.

Kwanza, kuandika palepale kisimani, si jioni akiwa amechoka. Pili, kutenganisha aliyoyaona, aliyoambiwa na anayoyafikiri, na kutaja aliyatoa wapi. Tatu, kuandika namba kamili pamoja na kipimo chake. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo kilichotumwa sayari ya Mars kwa sababu upande mmoja ulitoa hesabu kwa ratili na mwingine ukazisoma kwa vipimo vya metriki. Kwetu sisi, mwanafunzi akiandika "kisima kina maji ya kutosha," tunamrudishia karatasi yake. Lita ngapi kwa saa? Baada ya kusukuma kwa saa ngapi? Maji yalishuka mita ngapi? Yalipimwa mwezi gani? Kisima cha Aprili si kisima cha Oktoba.

Nne, kila ripoti iwe na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, usomwe mbele ya wanakijiji kabla ya kukabidhiwa. Vijana hawa husomeshwa uhandisi kwa Kiingereza, na mwanzoni wengi huona haya kuandika mambo ya kitaalamu kwa Kiswahili. Lakini wakisimama mbele ya kina mama wenye ndoo, hugundua haraka kipi wanakielewa na kipi wamekikariri. Mara nyingi ni hapo hapo mtu huinuka na kusema, "Hapana mwanangu, pampu hiyo haikuharibika mwaka huo." Masahihisho hayo hayapatikani maktaba.

Tunamalizia kwa maombi mawili. Ndugu wajumbe wa kamati, msikubali ripoti juu ya kisima chenu iondoke kijijini kabla hamjasomewa. Wekeni madaftari yenu vizuri, na mwanafunzi asipoyaomba, mpeni. Ndugu wafadhili, nanyi tunawaomba mvumilie ripoti inayosema kwamba jambo fulani limeshindikana. Tukiwaletea visima vinavyotoa maji tu, tutakuwa tumewaonyesha nusu ya ukweli, na nusu hiyo haitasaidia kisima kijacho. Aidha, katika bajeti mtenge fedha za kupima maji maabara na siku chache za kuandika. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kurudia kazi.

Mzee yule wa daftari aliombwa na wanafunzi waliofuata awafundishe namna anavyoweka kumbukumbu zake. Alikubali, kwa sharti moja: kwamba nao wamsomee waliyoyaandika. Sharti hilo tumelifanya kuwa letu.