Kabla ya mabidoni, kulikuwa kudepasa

Wandugu, wadada, wazazi mliosimama huku nyuma, na ninyi mashofere na makonvoyeri wa hii parking mliokubali kuzima muziki kidogo: Tunajua kila mtu hapa anatafuta kupanda, hatutawachelewesha.

Kila mwaka, tarehe 2 mwezi wa saba ikifika, sisi wa Uvira na wa bonde la Ruzizi tunakumbuka Sange. Ilikuwa 2010, siku ya Ijumaa, giza inaanza kuingia. Kamio ya mafuta iliyotoka Tanzania ilipinduka pale katikati ya nyumba za watu. Esansi ikamwagika. Watu wakakuja na mabidoni, na mabeseni, na sufuria. Wengine hawakuchota hata tone moja: walikuwa ndani ya vibanda wakiangalia Kombe la Dunia, wengine walikuwa kwao tu. Moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa, na kati yao makumi ya watoto. Wengi walizikwa ndani ya makaburi ya pamoja, sababu hakuna mzazi aliyeweza kusema huyu ni wangu.

Tangu siku ile hotuba ni zile zile: umasikini, watu walikimbilia mafuta. Sisi pia tumezisema, na si uongo. Lakini ndani ya habari za wakati ule kuko neno moja ambalo tunaliruka kila mwaka. Zilisema kamio ile ilipinduka wakati ilikuwa inajaribu kudepasa bus. Kabla ya bidoni ya kwanza kufika pale, kulikuwa gari moja yenye kutaka kupita ingine. Ile bidoni tumeikumbuka sana. Kudepasa hatukukumbuka.

Leo njo tunataka kuzungumza juu ya lile neno.

Sisi wengi tunaosimama hapa tumemaliza unive. Kazi hakuna, mnatujua. Barabara ya Bukavu tunaifahamu kuliko madarasa tuliyosomea, sababu kila mwezi tuko ndani ya gari na dosie mkononi, tunapeleka ku biro moja ama ingine, tunarudi na ile fotokopi. Mwezi uliopita tulikuwa wanne wa kikundi ndani ya Hiace moja, tumebanana vile munajua. Tulikuwa tumepita Luberizi. Mbele yetu kamio imebeba mihogo na watu juu ya mihogo, nyuma yake vumbi kama ukuta. Shofere wetu alikuwa amekaa upande wa kuume, sababu gari ilinunuliwa Dar es Salaam, na kule wanatembelea kushoto. Kutoka pale alipokaa hakuweza kuona kitu isipokuwa matako ya ile kamio. Akamuuliza konvoyeri: "Vipi?" Konvoyeri alikuwa anahesabu franka. Akainua kichwa, akasema: "Kanyanga!"

Tuko hai, njo maana tunasema nanyi. Ndani ya lile vumbi kulitoka motari mwenye kubeba mama na mtoto. Alijitupa ndani ya majani. Hatujui hata kama waliumia, gari haikusimama. Na jambo linalotuuma mpaka leo: sisi wanne, wenye kusema kila siku mbele ya watu juu ya haki na wajibu, hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Ni mama mmoja muuza dagaa, nyuma kabisa, alisema: "Mwanangu shofere, ile pesa nimekulipa ni ya kunifikisha, si ya kunizika." Watu wakacheka. Shofere naye akacheka, lakini alipunguza viteze mpaka Kamanyola.

Sasa tupige hesabu, ni ile ya sekondari tu. Kamio inatembea 50 kwa saa. Wewe unataka kuipita na 70. Tofauti yenu ni 20 kwa saa, maana yake unaisogelea kwa mita 5 na nusu kila sekonde. Uanze mita 15 nyuma yake, umalize mita 15 mbele yake, uongeze urefu wa kamio na urefu wa gari yako: ni karibu mita 50 za kukula. Sekonde 9. Ndani ya sekonde 9 na viteze ya 70 wewe mwenyewe umetembea mita 175. Na yule anayekuja kutoka Bukavu na 70 yake, naye ametembea 175. Jumla ni mita 350, zaidi ya viwanja vitatu vya mpira, na bado hatujaweka mita za kupumua. Basi jiulize: pale ndani ya vumbi ulikuwa unaona mita ngapi? Mara ingine hata 40 hazifike.

Na yule anayekuja, usifikiri atabakia upande wake. Hii ni barabara yetu, tunaijua. Kuko shimo mbele yake, ataliepuka, na kuliepuka ni kuja kwako. Kuko ng'ombe wanaovuka. Kuko mutu na baiskeli amebeba makaa na hasikii honi sababu ya upepo. Ndiyo, unapiga honi, lakini honi haisogeze ng'ombe.

Ukiwa nyuma ya kamio, watu wengi wanaisogelea karibu kabisa, wanafikiri njo kujitayarisha. Ni kinyume. Kadiri unakaa mbali nayo, kadiri unaona kandokando yake. Ukiisogelea unaona bashi tu na unakula vumbi. Volani ikiwa ku kuume ni vibaya zaidi, itakuomba utoe nusu ya gari ndani ya njia ya wengine kwanza kabla ya kuona. Kaa nyuma. Vumbi lipungue. Ukiona viraji, ama kilima hauone ngambo yake, ama daraja, ama nyumba za watu zimeanza, hapana pita, hata kama kamio inatembea kama kinyonga. Na kama shofere wa kamio anakuwashia taa ya pembeni ili upite, umshukuru, lakini usimuamini: huyu anamaanisha pita, mwingine anamaanisha nageuka. Macho yawe yako. Na wewe unayepitwa, usiongeze mwendo. Tumeona vijana wanakanyaga juu ya kiburi tu, eti nisipitwe na Hiace ya zamani. Hatuelewi faida yake.

Juu ya viteze, mashofere watatujibu, na jibu lao tunalisikia kabla walitoe. "Ninyi hamujui versema. Jioni patroni anataka pesa yake yote. Na usiku ukiniangukia njiani, nani atanilinda na wenye bunduki?" Tunajua. Hatukuja hapa kuwafanya ninyi washetani. Mtu anayekimbia sababu anaogopa kuviziwa si mpumbavu, na usalama wa hii barabara si kazi ya shofere, ni kazi ya serikali, tutaendelea kuiomba mpaka wachoke na sauti zetu. Lakini hesabu tena. Kilomita 30 kwa mwendo wa 60 ni dakika 30. Kwa mwendo wa 80 ni dakika 22 na nusu. Umepata dakika 7 na nusu. Barieri ya kwanza tu inazikula zote, na wewe bado unatafuta noti ya kutoa! Saa tunazopoteza ziko ku barieri na ku parking, wakati tunangoja gari ijae mpaka watu watatu juu ya kiti cha wawili. Kwa hiyo tunaomba mapatroni nao wakuje kwa mkutano kama huu. Versema ile ile wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, barabara mbaya ama nzuri, ni kumpiga shofere fimbo ukiwa umekaa nyumbani. Na gari ijazwe mapema, itoke asubuhi, isitoke saa nane na kukimbizana na jua.

Na 80 si 60 pamoja na kidogo. Kabla mguu haujafika ku freni, na 60 umeshatembea mita karibu 17. Na 80, mita 22. Kisha freni yenyewe inahitaji nafasi karibu mara mbili. Hiyo ni ku gudro iliyokauka, na matairi ya kweli. Ku udongo wenye vumbi ama wenye tope, na matairi yale tunayoyaona hapa parking (hatutaonyesha kidole), ongeza wewe mwenyewe. Mwendo mzuri si ule umeandikwa ku kibao, sababu vibao vyenyewe viko wapi? Ni ule unakuwezesha kusimama ndani ya nafasi unayoiona. Ukiona mita 40, tembea mwendo wa kusimama ndani ya 40.

Polisi wa rulaji tutawaandikia barua, si leo. Sheria ya barabara iko tangu 1978, inatosha. Tunachotaka ni wasimamishe gari juu ya mwendo na juu ya matairi, si juu ya noti ya franka iliyokunjwa ndani ya permi.

Sasa tunabakia sisi, abiria. Tumezoea kusema kila kitu ni kosa la bakubwa, na mara nyingi ni kweli. Lakini ndani ya Hiace tuko kumi na nane, shofere ni mmoja, na anayeona barabara ni yule wa mbele kushoto. Ile nafasi si ya kuchati. Ukikaa pale, wewe njo jicho la gari. Haujaona mpaka mbali, sema "bado." Konvoyeri akisema kanyanga na wewe haujaona, sema "bado" tena, na wengine nyuma waitikie. Kwa heshima, bila matusi: "Papa shofere, bado." Shofere hatakasirika na watu kumi na nane, na akikasirika, afadhali.

Kesho tuko watatu tunapanda Bukavu, kuna biro imetangaza nafasi mbili na tumeshasikia watu mia wamepeleka dosie. Tumekubaliana tayari nani atakaa mbele kushoto. Simu yake itabakia ndani ya mfuko. Wenye kutaka kupanda nasi, saa kumi na mbili tuko hapa, ile gari ya kwanza.

Mnaweza kuwasha muziki.