Simu Mpya Imetoka: Imepunguzwa Nini?

(Maneno ya mweka hazina wa kikundi kimoja katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia)

Nimepewa dakika kumi.

Mwezi uliopita mwanachama wetu mmoja aliomba mkopo wa kununua simu iliyotangazwa juzi juzi. Kikundi kikagawanyika. Vijana wakasema kamera yake ni moto. Mama mmoja akauliza, kwani hiyo kamera inakamuliwa? Tukacheka sana, lakini shida ikabaki pale pale, maana pesa ni yetu sote. Ndipo nikaanza kuchunguza mambo ya hizi simu.

Nimeona ya kwamba wenye kutengeneza simu husema kwa sauti kubwa walichoongeza. Walichoondoa hutajwa pole pole. Mwezi wa Oktoba 2020 Apple walitangaza iPhone 12, na ndani ya sanduku kulikuwa na waya tu, chaja hakuna. Walisema wanapunguza taka. Watu wakalalamika, nao Samsung wakawacheka hadharani. Haya, ikafika Januari 2021, Galaxy S21 ya Samsung ikatoka bila chaja! Hata mahali pa kuingiza memori kadi pameondolewa.

Kwa mtu wa mjini hayo ni madogo. Lakini sisi hapa, nyimbo za kwaya na picha za mradi wa maji ziko kwenye kadi. Na ukikosa chaja utanunua ile ya bei rahisi kule sokoni, ambayo huchemsha simu kama chungu.

Kuna jambo zuri pia, na sijasikia vijana wetu wakilipigia makofi. Oktoba 2023 Google, wakitangaza Pixel 8, waliahidi kuipatia marekebisho ya programu kwa miaka 7. Samsung wakaahidi vivyo hivyo kwa Galaxy S24, Januari 2024. Simu ikikosa marekebisho, wezi wa mitandao hupata mlango, na baadaye programu nyingine hukataa kufanya kazi. Hizo nilizotaja ni simu ghali. Zile za bei yetu mara nyingi hupewa muda mfupi zaidi, kwa hivyo ni lazima kuuliza.

Mimi mwenyewe nilichukua simu ya kulipa kidogo kidogo kila siku. Nilichelewa kulipa, ikajifunga yenyewe siku ya soko, wateja wa mayai wakinitafuta! Dukani nilielezwa habari za kamera na kioo. Ya kufuli sikuambiwa. Ama labda ilikuwa kwenye ile karatasi ya maandishi madogo, maana sikuisoma.

Sasa huyu mwanachama wetu, tumsikie naye. Anauza vikapu kwa wateja wa Nairobi, na simu yake ya zamani haionyeshi rangi sawasawa. Kwake kamera ni kazi, si mapambo. Ombi lake linarudi Alhamisi. Tumemwambia aulize kama chaja iko ndani, kama kadi inaingia, marekebisho yatafika mwaka gani, na kama mkopo utakuwa umekwisha kabla ya huo mwaka. Akija na majibu, mimi nitainua mkono. Yule mama wa kukamua bado hajasema.