TUCHAGUE MAHALI KABLA YA KUNUNUA TOFALI

Mada iliyotolewa na mjumbe wa Kamati ya Mikopo kwa wanachama na wageni waalikwa, siku ya kutimiza miaka 10 ya kikundi, wilayani Kilosa






Wenzangu waliotangulia wamesema mengi juu ya hisa, marejesho na mfuko wa jamii. Mimi nimepewa jambo moja tu. Kuanzia mwaka huu tunaoingia, wa kumi na moja, kikundi kitaanza kutoa mkopo wa nyumba. Nimeombwa niseme nyumba hiyo tuiweke wapi.

Wengine mtacheka. Mtasema, shamba ni langu, najua pa kujenga. Lakini jamani, tuangalie jambo hili kwa makini. Bati likitoboka unabadilisha. Mlango ukiliwa na mchwa unatengeneza mwingine. Ukuta ukipata ufa, fundi anaziba. Mahali hapabadilishwi. Ukishamwaga msingi umeshaamua, na wanao wataishi na uamuzi huo. Mkopo wa biashara ukienda vibaya, mama anaanza tena na maandazi. Mkopo wa nyumba ukienda na maji, hisa za miaka mingi zimekwenda nao, na deni limebaki.

Maji kwanza

Sisi watu wa Kilosa hatuna haja ya kufundishwa habari za mafuriko. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, maelfu ya watu wakapoteza makazi wakahamia kwenye mahema, na Reli ya Kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Wenzetu wa Katesh, wilaya ya Hanang, tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka mlimani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Kwa hiyo hatari haiko bondeni peke yake. Hata chini ya mlima, penye korongo, maji hurudi njia yake ya zamani.

Basi dalili tuzijue. Penye matete na mafunjo, hapo maji hukaa. Tazama miti: ukiona takataka kavu zimenasa kwenye matawi, au mstari wa tope kwenye shina, maji yalifika hapo. Waulize wazee maji ya mwaka ule yalifika wapi. Na zaidi ya yote, mvua kubwa ya masika ikinyesha, vaa kandambili, chukua mwavuli, nenda kiwanjani ukaone kwa macho yako yanapita wapi. Kiwanja kilichochaguliwa mwezi wa Septemba, wakati vumbi linatimka, kinamdanganya mtu.

Sheria nayo imesema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto. Hizo ni kama hatua 80 za kawaida za mtu mzima. Hesabu kuanzia ukingoni, si kuanzia pale maji yanapoishia wakati wa kiangazi.

Udongo wa pili

Mahali pazuri ni mwinuko mdogo, wenye mteremko kidogo wa kuondoa maji, udongo mwekundu au wa kichanga ulioshikamana. Udongo mweusi wa mbuga ni mzuri kwa mpunga lakini ni adui wa nyumba. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unasinyaa na kupasuka nyufa za kuingia mkono, na ukuta unapasuka nao. Kabla ya kuamua, chimba shimo la kufika kiunoni uone chini kuna nini. Kazi ya nusu siku, haina gharama.

Na tusijenge juu ya udongo wetu bora kuliko wote. Eka ni zile zile, watoto wanaongezeka. Pale penye kokoto kidogo, ambapo mahindi hayashibi, ndipo nyumba itafaa.

Jua na upepo

Hapa kwetu mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba hupita upande wa kusini kidogo. Lakini mwaka mzima linachomoza mashariki na kuzama magharibi, na ukuta unaotazama magharibi ndio unaokaangwa na jua la alasiri mpaka usiku hamlali. Kwa hiyo nyumba ndefu ilale kutoka mashariki kwenda magharibi: kuta fupi zikabili jua la asubuhi na la jioni, kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini, na paa litokeze nje kuzifunika. Gharama ni ile ile, tofali ni zile zile. Ni suala la kugeuza kamba ya fundi kabla hajaanza kuchimba.

Upepo wa kusi hutoka kusini-mashariki, wa kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Yote miwili inakuja na umashariki ndani yake. Jiko la nje likikaa upande wa magharibi wa nyumba, moshi na cheche zinapeperushwa mbali na chumba wanacholala watoto, karibu mwaka mzima. Zizi na banda la kuku nalo liende upande huo huo.

Choo na kisima

Choo cha shimo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima, na kiwe upande wa chini wa mteremko, kisima upande wa juu. Chini ya shimo kubaki angalau mita moja na nusu kabla ya kufikia maji ya ardhini. Wakati huo huo kisiwe mbali mno, maana anayekwenda huko usiku ni bibi kizee na mtoto. Na tuache nafasi ya shimo la pili, kwa kuwa la kwanza litajaa.

Hatua za mama

Sasa nije kwenye jambo ambalo akina baba huwa hawalihesabu. Chukulia nyumba imesogezwa mita 200 zaidi kutoka bombani kwa sababu mzee kapenda mandhari. Mama anakwenda kuteka mara nne kwa siku. Kwenda na kurudi ni mita 400, mara nne ni mita 1,600. Kwa mwaka mzima ni kilomita 584. Hiyo ni karibu mara tatu ya safari ya kutoka Morogoro mjini hadi Dar es Salaam, na nusu ya safari hiyo ana ndoo kichwani. Mandhari hayo yana bei, na anayelipa ni mmoja.

Ndiyo maana nashauri: kabla ya fundi kuja, chukueni majivu mchore nyumba yote chini. Vyumba, mlango, jiko, choo, mahali pa kuanikia. Kisha muishi na mchoro huo siku kadhaa. Tembea kutoka jikoni hadi bombani, kutoka mlangoni hadi chooni. Simama pale dirisha litakapokuwa, uone kama utawaona watoto wanaocheza. Majivu yanafutika kwa ufagio, saruji haifutiki.

Paa nalo lisisahauliwe. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba inaleta lita moja. Paa la mita za mraba 50, mvua ya milimita 20, ni lita 1,000. Hata ukitoa inayopotea, pipa limejaa. Basi acha nafasi ya tangi pembeni mwa nyumba, karibu na jiko.

Barabara

Najua wengi mnataka kukaa barabarani, mfungue na kibanda cha biashara. Si vibaya. Lakini Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande, kutoka katikati ya barabara kuu na barabara za mkoa. Atakayejenga ndani ya hapo iko siku atakuta alama ya X ukutani. Kibanda cha mabanzi unaweza kukihamisha. Nyumba ya kulala ikae nyuma, mbali na vumbi na magari. Kadhalika penye nguzo za umeme na njia ya mifugo, tuulize kwanza ofisini.

Ardhi ya nani?

Ndugu zangu, hapa nitasema polepole. Mahali panaweza kuwa juu, pakavu, pana upepo mzuri, na bado pasiwe pako.

Kwa mila za wenyeji wa hapa, Wakaguru na Wasagara, ukoo unafuata upande wa mama. Mke na mume wakijenga kwenye ardhi ya ukoo wa mume, siku baba akifariki wapwa zake wanaweza kuja na kusema ardhi ni yao. Kwa wenzetu waliohamia hapa ambao ukoo wao unafuata upande wa baba, mjane anaweza kuambiwa na shemeji zake arudi kwao. Kila mila ina mlango wa kumtolea mwanamke nje, ila milango haifanani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Mume na mke wanaweza kuandikwa wote wawili kwenye Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Na kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu ni lazima wawe wanawake. Lakini sheria inamsaidia aliyeandikwa. Mambo ya "sisi tunajuana" yanaisha siku ya matanga.

Kama huna pa kuchagua

Wapo wenzetu ambao eneo lao lote liko bondeni. Hao tusiwaambie "hamieni juu" kana kwamba juu kuna ardhi ya bure. Waanze kwa kutafuta kubadilishana na ndugu mwenye sehemu ya juu, mbele ya serikali ya kijiji na kwa maandishi. Ikishindikana, wajenge kwenye pembe iliyoinuka kuliko zote, nje ya zile mita 60, wainue msingi kwa kifusi kilichoshindiliwa tabaka kwa tabaka, na wachimbe mtaro upande maji yanakotoka. Na kazi ya kifusi kikundi kizima tuifanye kwa msaragambo.

Pendekezo

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa pendekezo ambalo naomba mkutano ulijadili. Mkopo wa nyumba usitolewe mpaka mambo matatu yatimie. Kwanza, wanachama wawili wakitembelee kiwanja, na mara moja iwe wakati wa mvua. Pili, mwombaji alete maandishi ya kijiji yanayoonyesha haki yake kwenye ardhi hiyo, na kama ameolewa jina lake liwemo. Tatu, mchoro wa majivu uonekane.

Nimeshasikia minong'ono kwamba tunaingilia ndoa za watu. Hapana. Fedha za sandukuni ni za wote. Anayetukopesha ana haki ya kuuliza fedha zake zinakwenda kusimama wapi. Na baba mwenye nia njema hatachukia kuandika jina la mama wa watoto wake. Faida yake ni kwamba watoto hawatalala nje.

Tumejenga kikundi hiki kwa shilingi ndogo ndogo, kwa miaka 10, bila kukurupuka. Nyumba nazo tuzijenge hivyo hivyo. Tukichelewa msimu mmoja ili tupaone mahali wakati wa masika, hatujapoteza kitu. Majuto ni mjukuu.