Nani Aliwachora Bibi na Bwana?

Wasikilizaji wangu, swali la leo limetoka Terrat. Msikilizaji anasema kila akiingia ofisi ya kata anawakuta Bibi na Bwana wa nembo ya taifa ukutani, wameshika pembe za ndovu, wamesimama juu ya Kilimanjaro. Anauliza, mbona si Mlima Meru wetu hapa Arusha? Ndugu yangu, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda alipandisha bendera na Mwenge wa Uhuru kileleni Kilimanjaro. Hapo wenzetu wa Moshi wametushinda, tukubali.

Ila swali lako limenipeleka kwenye jambo ninalolipenda zaidi: nani aliichora nembo ile? Mwaka 2017 nchi nzima ilimwona Mzee Francis Kanyasu, maarufu kama Ngosha, akiishi kwa dhiki Buguruni, Dar es Salaam, akisema ni kazi ya mkono wake. Akapelekwa hospitali. Mei mwaka huohuo akafariki Muhimbili. Na wapo wanaosema hapana, mchoraji ni Jeremiah Kabati. Nembo iko kwenye pasipoti yako, kwenye cheti chako cha kuzaliwa, halafu bado tunabishana nani aliichora!

Mimi naona huenda ilipita mikono zaidi ya mmoja. Ile bendera ndani ya ngao ya nembo, mwaka 1961 ilikuwa ya Tanganyika. Baada ya Muungano wa 1964 ikaja ya Tanzania. Lazima kuna mtu alikaa akaichora upya. Nani?

Ujumbe mwingine umeingia: Wajerumani waliotujengea Boma hapa mjini, nao hugombania nembo? Wanagombana sana! Mji wa Coburg una kichwa cha Mwafrika kwenye nembo yake, Mtakatifu Maurice, msimamizi wa mji. Mwaka 1934 Wanazi wakakiondoa, wakaweka upanga wenye swastika. Mwaka 1945 kichwa kikarudi. Mwaka 2020 wengine wakataka kiondolewe tena, wakisema ile midomo na ile hereni inawadhihaki watu weusi. Wao wanabishania sura iliyochorwa, sisi mkono uliochora.

Kwa hiyo nawaomba. Kama baba au babu yako alikuwa mchoraji serikalini miaka ile, na kuna karatasi zake zimebaki sandukuni, usizichome. Tupigie simu.